Kiota cha furukombe kimeangushwa na tufani: mtoto aliyesalia arudishwe mtini?

«Mwalimu, tunaishi Nguba, hapa Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka Ziwa Kivu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mkaratusi mrefu ambao tai wawili wenye kichwa cheupe wamejenga juu yake kwa miaka minne sasa. Usiku wa kuamkia juzi, mwisho huu wa mwezi wa tisa, mvua ya upepo mkali ilivunja tawi na nusu ya kiota ikaanguka. Asubuhi tulikuta watoto wawili chini, mmoja amekufa, mwingine yu hai, ana manyoya ya kahawia yanayoanza kutoka mgongoni. Wanangu wamemweka ndani ya kitunga jikoni na wanamlisha bugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokaushwa, lakini anazidi kulegea. Jirani mmoja anasema kwa kuwa tumekwisha kumshika, mama yake hatamkubali tena. Mwingine anataka kumnunua. Mwenye nyumba anataka kuukata mti. Nami najiuliza, kanisani tunafundishwa kwamba tai hupanda juu ya tufani, mbona hawa wameshindwa? Tufanye nini, na je, hao wakubwa watajenga tena?»

Mama, kabla sijaeleza lolote kuhusu tufani na viota, nakuomba ufanye kazi ya leo kwanza, kwa sababu mtoto wa tai anayelegea hana siku nyingi. Ondoeni bugali na sambaza kavu. Tumbo la tai halikuumbwa kusaga unga, na samaki aliyekaushwa humzidishia kiu ndege ambaye mwili wake tayari umepungukiwa maji. Msimmiminie maji mdomoni, hata kama anaonekana ana kiu: tundu la pumzi la ndege liko kwenye shina la ulimi, na maji yakiingia humo yanafika mapafuni. Mtoeni jikoni pia, maana mapafu ya ndege hayastahimili moshi wa makaa. Mwekeni ndani ya katoni yenye matundu, juu ya kikwembe kikavu, katika chumba chenye giza na kimya, na upande mmoja tu wa katoni mlaze chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ili akiona joto limezidi aweze kusogea upande wa pili.

Joto litangulie chakula. Ndege aliyepoa hawezi kusaga kitu, na nyama atakayomeza itamkalia tumboni na kuoza. Mguse miguu baada ya saa moja au mbili. Ukiisikia imepata joto na ameanza kuinua kichwa, mpe vipande vidogo vya samaki mbichi wa leo, tilapia au sambaza ambazo hazijaanikwa wala kutiwa chumvi, vilivyochovywa kwenye maji safi, ukimshikia kwa kijiti na si kwa kidole. Maji yaliyomo ndani ya samaki yanamtosha. Mfuko wa kooni ukivimba kidogo, acha, umrudie baada ya saa tatu au nne. Watoto wako wana moyo mwema, lakini waambie sasa wasimbembeleze wala wasimzungumzie. Kucha zake, hata katika umri huu, zinaweza kutoboa kiganja, kwa hiyo mtu mzima peke yake ndiye amshike, akimfunika kichwa kwa kitambaa na kuishika miguu yote miwili, kisha anawe mikono kwa sabuni. Yule aliyekufa mzikeni bila kumgusa kwa mikono mitupu.

Kwa maelezo yako, hao wawili ni furukombe, yaani tai mla samaki, ambaye kichwa, kifua na mkia wake ni vyeupe, tumbo na mabega ni ya rangi ya kutu, na sauti yake kali husikika mbali juu ya maji, hasa asubuhi. Nakuomba hata hivyo umtazame vizuri mzazi mmoja. Katika milima yetu yuko tai mwingine, mweusi, mwenye kishungi kirefu kichwani, anayependa kukaa juu ya miti na nguzo kando ya mashamba, naye pia hujenga kwenye mikaratusi. Huyo chakula chake kikubwa ni panya, na mtoto wake usingemlisha samaki. Tena mwewe wamejaa mjini, na mara nyingi watu huniletea mtoto wa mwewe wakidhani ni tai. Kichwa cheupe pepe kama ulivyokiona ni cha furukombe, nami nitajibu kwa msingi huo.

Sasa nije kwenye swali lako la kanisani, ambalo nimelipenda, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi na watu wanaoona aibu kuliuliza mbele ya wenzao. Maandiko yanapotaja mbawa za tai yanasema juu ya imani, na mhubiri ana haki ya kutumia mfano huo. Lakini tai wa mtini ana mwili, na mwili una mipaka yake. Tai hupaa juu kwa kubebwa na hewa yenye joto inayopanda wakati jua limewaka, au na upepo unaogonga mlima na kuinuka. Usiku, ndani ya mvua nzito, hewa hiyo ya kumbeba haipo, na manyoya yaliyolowa ni mzigo. Tai mwenye mayai au watoto wadogo hafanyi safari ya kwenda juu ya mawingu. Hulala chini kabisa ndani ya kiota, huelekeza kichwa upepo unakotoka, huzishika fito kwa kucha, na kufungua mbawa kidogo juu ya watoto kama paa. Machi 2015, huko Hanover katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kamera iliyowekwa kwenye kiota cha tai wenye kichwa cheupe wa huko, walio ndugu wa karibu wa furukombe wetu, ilimwonyesha mzazi amelalia mayai huku theluji imemfunika mpaka shingoni. Hakuruka. Tai wako nao hawakushindwa kwa uzembe: walikaa mpaka kile walichokalia kilipovunjika.

Kwa nini basi kilivunjika? Kiota cha furukombe hakijengwi upya kila mwaka kama cha ndege wengi wadogo. Jike na dume hukaa pamoja kwa miaka mingi, na kila msimu huongeza fito mpya juu ya zile za zamani, kisha hutandika majani na nyasi katikati. Kiota cha kawaida huwa na upana wa kati ya sentimita 120 na 180, na kina chake, ambacho mwanzo ni kama sentimita 30 hadi 60, kinaweza kufika mita moja na nusu baada ya miaka ya kuongezewa. Ndugu zake wa Marekani hupita kiasi: kiota kimoja cha St. Petersburg, Florida, kilichopimwa mwaka 1963, kilikuwa na upana wa karibu mita 3 na kina cha mita 6, na uzito wake ulikadiriwa kuwa zaidi ya tani 2. Uimara wa kiota uko katika namna fito zinavyofumana, kwa kuwa upepo hupenya katikati yake badala ya kukisukuma kama ukuta. Udhaifu wake uko chini. Fito za tabaka la kwanza, ambazo ndizo zinazobeba zote, ni kuukuu kuliko nyingine, nazo katika nchi yenye mvua kama yetu huoza taratibu zikiwa zimefichwa na zile mpya. Mvua inapoloweka tabaka la nyasi na majani, mzigo huongezeka kwa saa chache tu, na tawi lililokuwa likistahimili uzito wa jana linatakiwa ghafla kustahimili uzito mwingine.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Msukumo wa upepo hauzidi sawasawa na mwendo wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana mti unaweza kucheza kwa utulivu katika upepo wa miezi mingi, kisha ukavunjika katika dakika tano za usiku mmoja. Hapa Bukavu tufani nyingi zina desturi ambayo wavuvi wanaijua bila kufundishwa. Maji ya ziwa hubaki na joto la mchana, hewa baridi hushuka kutoka milimani usiku, na pale zinapokutana mawingu mazito hujengeka; mvua inapoanza kumwagika, huvuta hewa baridi kutoka juu na kuishusha kwa kishindo, na hewa hiyo ikifika chini hutawanyika pande zote kwa kasi. Huo ndio upepo mnaousikia dakika chache kabla ya mvua kuyapiga mabati. Mkaratusi nao una tabia yake. Hukua haraka, hupita miti mingine yote kwa urefu, na kwa sababu hiyo tai huupenda, kwani kutoka juu yake huona maji yote na huruka bila kizuizi. Lakini urefu huohuo huuweka peke yake mbele ya upepo. Tena mteremko wa Nguba ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, ambao ukijaa maji huacha kuishika mizizi. Nitaurudia udongo huo nitakapofika kwa mwenye nyumba.

Furukombe walio karibu na ikweta wanaweza kutaga katika miezi mbalimbali, ila mara nyingi huchagua wakati wa kiangazi, maji yanapokuwa maangavu na samaki wanaonekana. Hutaga yai moja hadi matatu, kwa kawaida mawili, na kuyalalia siku 42 hadi 45. Watoto hubaki kiotani siku 64 hadi 75 kabla ya kuruka mara ya kwanza. Ukihesabu hivyo, mayai ya mwanzoni mwa mwezi wa saba huanguliwa katikati ya mwezi wa nane, na mtoto wako, mwenye manyoya yaliyoanza kuchipua mgongoni, atakuwa katika wiki yake ya tano au ya sita. Mvua za kwanza za msimu huwakuta watoto wa kiangazi katika umri huo: wakubwa mno kufunikwa wote na mzazi, wadogo mno kushika tawi kwa nguvu zao.

Watu hudhani kwamba anguko ndilo huua. Nijuavyo mimi, linaua wachache kuliko wanavyofikiri, maana mtoto wa tai ni mwepesi kwa ukubwa wake na matawi humpunguzia kasi. Baridi na njaa huua zaidi. Manyoya mepesi ya utotoni hushika hewa na kutunza joto yakiwa makavu. Yakilowa hushikamana, na joto la mwili huondoka moja kwa moja. Wakati huohuo mzazi hawezi kuwinda. Furukombe huona samaki aliye karibu na uso wa maji, na humkamata kwa kupitisha miguu tu. Mvua inapouchafua uso wa ziwa, na mito midogo ya mjini inapomwaga tope mwambaoni, hamwoni. Tufani ya usiku mmoja inaweza kuwa njaa ya siku mbili. Mtoto wako amepitia yote mawili, na juu yake akapewa bugali, kwa hiyo kulegea kwake hakunishangazi wala hakunikatishi tamaa.

Jirani aliyesema kwamba mama yake hatamkubali amekosea, na kosa hilo limewapokonya ndege wengi wazazi wao. Tai hamtambui mtoto wake kwa harufu. Pua yake ni dhaifu. Humtambua kwa mahali alipo na kwa kilio chake cha kuomba chakula. Kinachomfukuza mzazi ni watu wanaosimama chini ya mti siku nzima, mawe ya watoto, mbwa na makelele. Mikono yako haijamharibu mwanawe. Zaidi ya hayo, kama wazazi bado wanaonekana juu ya mti huo au wa jirani, na kama wanalia asubuhi, elewa kwamba bado wanamtafuta.

Kwa hiyo, akiwa na nguvu kidogo, akiinua kichwa, akisimama juu ya visigino vyake na kumeza mwenyewe, jambo bora kuliko yote ni kumrudisha juu, hata kama kiota chake hakipo. Umesema nusu imeanguka. Nusu iliyobaki haiaminiki, usimweke humo kabla mtu hajaitazama kwa karibu. Kinachofaa ni kitunga kikubwa kilicho imara, chenye upana wa mita moja hivi, kilichotobolewa chini ili maji yapite, kikafungwa kwa kamba nene kwenye panda la shina na si kwenye tawi jembamba, kisha kikafumwa kwa fito zilezile zilizoanguka na kutandikwa nyasi kavu. Hakilazimiki kuwa pale kilipokuwa kile cha kwanza. Hata kikiwa chini zaidi, au kwenye mti wa jirani ambao wazazi wanauona wazi, wanaweza kukikubali, mradi wamsikie mtoto. Huko Decorah, katika jimbo la Iowa, tufani ya mwaka 2015 iliangusha kiota cha tai waliokuwa wakitazamwa na watu wengi kwa kamera. Watu wakajenga msingi wa fito, na tai wakaja wakauendeleza kuwa kiota chao.

Narudia kwa msisitizo kwamba anayepanda awe mtu aliyezoea kazi hiyo, mwenye kamba, asubuhi isiyo na mvua wala upepo, na asipande kabisa ikiwa mti umeinama au ikiwa waya wa umeme unapita karibu. Wazazi wanaweza kumshukia kichwani. Avae kofia ngumu. Maisha ya kijana wa mtaa hayalinganishwi na ya tai. Kama mti hauaminiki, hakuna aibu kutopanda.

Mkishamweka, ondokeni wote, mtazame kutoka mbali, mita mia au zaidi, mkiwa ndani ya nyumba ikiwezekana. Mzazi anaweza kuchukua nusu siku kabla ya kuthubutu. Mkimwona mmoja ametua na samaki, kazi yenu imekwisha. Lakini jua likizama mara mbili bila mzazi kufika, mtoto ashushwe, kwa sababu hatavumilia siku ya tatu.

Kuna hali ambazo hamna ruhusa ya kujaribu peke yenu: bawa linaloning'inia, mguu usiokanyaga, damu mdomoni, pumzi ya kufungua mdomo hata akiwa ametulia, funza kwenye jeraha, au kukataa chakula mpaka kesho ingawa amepata joto. Hapo mpelekeni akiwa ndani ya katoni yake, bila kumfungua njiani. Anzeni kwa ofisi ya ICCN (taasisi ya Kongo ya kuhifadhi asili) mjini, ambao ndio wenye dhamana ya wanyama wa porini, nao watawaelekeza. Lwiro, mbele ya Kavumu, kuna kituo kinachofahamika kwa kutunza sokwe tangu 2002, na waganga wake wa wanyama wana uzoefu na viumbe vya porini ambao mganga wa ng'ombe na mbuzi huenda asiwe nao. Mganga wa mifugo aliye karibu bado ni bora kuliko kungoja, akikubali angalau kumfunga bawa na kumpa maji ya mwili kwa sindano.

Na yule anayetaka kumnunua, mwambie hapana leo hii, mbele ya shahidi. Sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu hifadhi ya mazingira inalinda wanyama wa porini, na furukombe yumo pia katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama hao. Mtoto wa tai anayefugwa uwanjani hugeuka ndege asiyejua kuvua wala kuogopa watu, na ndege huyo akiachiwa hufa kwa njaa au kwa jiwe.

Sasa mwenye nyumba. Sitakuambia kwamba mti usikatwe kwa gharama yoyote, wala sitamwita mkatili, kwa sababu katika mji huu tumezika watu waliofukiwa na miteremko. Nendeni naye kwenye shina mtazame mambo matatu. Je, udongo umepasuka kwa mduara upande mmoja wa mti? Je, mizizi imeinuka upande unaopokea upepo? Je, mti unaegemea nyumba leo kuliko mwezi uliopita? Mkiona hata moja kati ya hayo, na kuna watu wanaolala chini yake, mti uondoke upesi, na mtoto wa tai atafutiwe mti mwingine au apelekwe Lwiro. Lakini ikiwa ni tawi tu lililovunjika na shina limesimama wima, basi kuukata sasa ni kujidhuru. Mizizi yake ni miongoni mwa vitu vinavyoushika mteremko wenu, na kuiua mwanzoni mwa mvua ni kuuacha udongo huo mwekundu peke yake mpaka mwezi wa tano. Yapunguzwe matawi mazito yanayoelekea nyumba, lile panda kubwa libaki, na kando yake ipandwe miti ya kienyeji yenye mizizi mipana, kama mkuyu.

Umeuliza kama watajenga tena. Natumaini sana kwamba ndiyo, na nina sababu. Wenzi wa furukombe hulinda eneo lao la pwani, na mara nyingi wana kiota cha akiba au zaidi katika eneo hilohilo. Mti ukienda, eneo hubaki.  Mwezi wa tisa 2022 kimbunga Ian kilifagia kiota cha jozi moja ya North Fort Myers, Florida, pasibaki fito; wale wawili walikijenga upya, na kabla wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili haijaisha kulikuwa na mayai mawili ndani yake. Usitarajie lakini mayai mengine kwako mwaka huu, maana mtoto amekwisha kukua na wazazi wote wawili wana kazi ya kumlisha. Kazi ya kuleta fito huenda ukaiona mwakani, kiangazi kikikaribia.

Akirudi juu na kupona, mtoto wako ataruka baada ya wiki tatu mpaka tano hivi, kisha ataendelea kuzunguka mti huo kwa wiki kadhaa akiomba samaki kwa wazazi, asiyejua bado kujitafutia. Kwa hiyo kama mti ni mzima lakini mwenye nyumba hana budi kuukata kwa sababu zake nyingine, mwombe angoje kiangazi kijacho, udongo ukiwa mkavu na miche mliyoipanda imeshika, na kabla ya kuwaita wakataji mtazame juu asubuhi mbili au tatu mfululizo mhakikishe kwamba wale wawili hawajaanza kuleta fito mpya.